Usiniambie Ni Pepo: Juu ya Kifo cha Laura Palmer



Wapendwa, ninyi mnaozisoma tafakari hizi kila juma mnaujua udhaifu wangu mmoja, kwa maana nimekwisha kuuungama hapa hadharani mara kadhaa: naipenda kupita kiasi tamthilia moja ya runinga ya Kimarekani iitwayo Twin Peaks. Juma hili nitaizungumzia kwa kirefu, wala sitakuwa mpole. Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilibishana nje ya kanisa na mwalimu mmoja wa parokia yetu, mtu mwema na msomaji hodari, ambaye mimi mwenyewe nilimwazima diski zangu. Amezitazama zote. Alinijia akiwa na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo, akaniambia: “Padre, sasa nimeelewa. Yule baba hana hatia. Aliyeua ni pepo.” Nikamjibu kwa ukali usiofaa mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu. Namwomba radhi kwa ule ukali. Kwa maneno niliyosema simwombi radhi, na hapa nitayarudia kwa utaratibu zaidi.

Asiyeiona tamthilia hiyo na ambaye angependa kuiona bila kujua mwisho wake, na aishie hapa, tukutane juma lijalo.

Kwa wengine, habari yenyewe kwa ufupi. Twin Peaks ilibuniwa na watu wawili, David Lynch, mwongozaji wa filamu aliyefariki dunia Januari 2025, na mwandishi Mark Frost. Kituo cha ABC kilirusha sehemu ya kwanza tarehe 8 Aprili 1990, na usiku ule Wamarekani zaidi ya milioni 30 waliitazama. Mahali ni mji mdogo wa wapasua mbao katika jimbo la Washington, si mbali na mpaka wa Kanada, wenye milima, ukungu na maporomoko ya maji. Asubuhi moja mzee Pete Martell anatoka nyumbani kwenda kuvua samaki, akaona kando ya maji mwili uliofungwa katika plastiki. Ni Laura Palmer, msichana wa miaka 17, malkia wa sherehe za shule yake, aliyekuwa akiwapelekea wazee chakula na kumfundisha kijana mwenye ulemavu wa akili. Mji mzima ulimpenda. Anakuja mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, mtu nadhifu anayeshangilia kahawa na pai ya cheri kana kwamba ndiyo kwanza viumbwe, anayeota ndoto na kuziamini. Muziki wa Angelo Badalamenti unaanza, nawe umenaswa.

Nami nilinaswa. Niliiona mara ya kwanza nikiwa seminari kuu, wakati wa likizo, kwa padre mmoja mzee aliyesoma Marekani na kurudi na sanduku la kanda za video. Nilikuwa na daftari. Ndiyo, frateri aliyepaswa kusoma Teolojia ya Maadili alikuwa na daftari lenye michoro: nani anamfahamu nani, bundi wametajwa mara ngapi, pete imeonekana kidole gani, chumba chenye mapazia mekundu kinafunguka usiku gani. Wapenzi wa Twin Peaks duniani kote ndivyo tulivyo. Tumeandika vitabu, tumechora ramani, tumeugeuza mji ule kuwa hesabu ya kukokotoa. Katika kurasa zote za daftari langu jina la Laura limeandikwa mara nyingi, na kila mara kama jina la swali. Kama jina la mtoto aliyeumizwa halimo hata mara moja.

Swali lenyewe lilikuwa “Nani alimuua Laura Palmer?”, nalo liliulizwa Marekani yote mwaka ule. Lynch hakutaka kulijibu, na baadaye alisema mara nyingi kwamba kulijibu kuliiua tamthilia. Wakubwa wa kituo walishinikiza, kwa kuwa watazamaji walichoka kungoja, na jibu likatolewa tarehe 10 Novemba 1990. Wapenzi wenzangu wanapenda kulalamika juu ya shinikizo lile, nami nalalamika pamoja nao, hasa nikikumbuka uporo uliofuata katika nusu ya pili ya msimu wa pili. (Yule mama Nadine aliyerudi sekondari akiwa na nguvu za tembo, yule kijana na pikipiki yake, tuyapite mambo hayo kama tunavyompita mlevi njiani, kwa salamu fupi.) Lakini usiku ule wenyewe, usiku wa jibu, Lynch aliuongoza mwenyewe, na sijaona katika runinga jambo linalokaribia uzito wake.

Tutazame pamoja. Sebuleni kwa akina Palmer santuri imekwisha, nayo inazidi kuzunguka juu ya mashine, sindano ikikwaruza. Mama, Sarah, anatambaa kushuka ngazi, amelishwa dawa. Anaona farasi mweupe sebuleni kwake, kisha anazimia. Baba, Leland, mwanasheria, anaweka sawa tai yake mbele ya kioo, na katika kioo anayetutazama ni mwingine, mtu mwenye nywele ndefu za kijivu anayeitwa BOB. Kisha anashuka Maddy, binamu yake Laura, na Leland anamuua pale sebuleni, polepole, mbele ya macho yetu. Aliyeigiza Maddy ni Sheryl Lee, yuleyule aliyeigiza Laura, hivyo mtazamaji anaonyeshwa kwa mara ya kwanza kifo ambacho kwa miezi saba alikuwa amekigeuza kuwa chemshabongo. Wakati huohuo, katika baa ya mji, mwimbaji anaimba taratibu, jitu linamtokea Cooper kumwambia kwamba jambo lile linatendeka tena, na ghafla watu walioketi wanaanza kulia. Donna analia. Bobby anageuka na uso umembadilika. Hakuna aliyewaambia kitu. Mzee mhudumu anamwendea Cooper kumpa pole, naye hajui ni pole ya nini.

Huo ndio ukweli wa Twin Peaks, wapendwa: mji unaojua bila kujua. Bobby, mpenzi wake Laura, alikuwa amekwisha kulisema siku ya mazishi, katika msimu wa kwanza. Aliwapigia kelele makaburini watu wazima wote akiwaambia kwamba kila mmoja alijua binti yule yumo matatani na hakuna aliyefanya kitu, na kwa hiyo wote ndio waliomuua. Wakamwona mhuni. Leland akajitupa juu ya jeneza la mwanawe, mashine ya kulishushia ikaharibika, jeneza likawa linapanda na kushuka huku baba akiwa juu yake. Na baadaye, katika mgahawa, mhudumu akaigiza tukio lile kwa kopo la karatasi za kufutia mikono, wateja wakacheka. Nami nilicheka nilipoliona mara ya kwanza.

Sasa nije kwa mwalimu wangu na hoja yake. Anasema: BOB alimwingia Leland tangu utotoni, Leland mwenyewe, anapokufa katika mahabusu ya sherifu, anasimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwona katika ndoto, akamkaribisha, akaingia, na kwamba akishakuwa ndani Leland hakujua atendalo. Basi mtendaji ni BOB. Leland ni chombo tu, kama kisu. Mwalimu akaongeza, na hapo ndipo aliponichoma: “Wewe Padre, unawezaje kukana kwamba shetani anaweza kumtumia mtu?”

Sikani. Ninavaa stola ya zambarau kila Jumamosi, sijapata kukana. Lakini Kanisa, ambalo limeshughulika na mashetani kwa muda mrefu kuliko David Lynch, limekuwa na tahadhari kubwa kuliko wapenzi wake. Kwa mujibu wa kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa, hakuna awezaye kumpunga pepo mtu aliyepagawa pasipo ruhusa maalumu ya Askofu mahalia. Katekisimu inataka kwanza kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Kuhusu vishawishi vya kila siku, mafundisho ni ya wazi tangu Mwanzo sura ya 3: nyoka alisema, na Adamu bado aliulizwa, “Uko wapi?” Alipojibu kwamba ni mwanamke, na mwanamke alipojibu kwamba ni nyoka, hakuna aliyeruhusiwa kurudi bustanini kwa sababu ya jibu hilo. Hoja ya mwalimu ni ile hoja ya kichakani, yenye majani ya mtini.

Lakini tuache Katekisimu. Mwalimu ataniambia kwamba tunazungumzia tamthilia, na ni haki yake. Basi tuihukumu kwa ushahidi wake yenyewe.

Kwanza, baada ya Leland kufa, wanaume wanne wanasimama msituni: Cooper, sherifu Truman, meja Briggs na Albert, yule mtaalamu wa maabara mwenye ulimi wa pilipili. Truman hawezi kuamini habari za pepo. Cooper anamuuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba baba anaweza kumnajisi binti yake na kumuua. Hakika hilo ndilo swali lote. Ni Albert, asiyeamini chochote kisichopimika, anayetoa wazo kwamba huenda BOB ni jina tu la uovu watendao wanadamu. Watunzi wenyewe, basi, waliiacha njia hii wazi kabisa. Ni sisi wapenzi tulioifunga, kwa sababu njia ya pepo ina michoro mizuri zaidi.

Pili, filamu. Mwaka 1992 Lynch alirudi na Fire Walk with Me, inayosimulia siku saba za mwisho za Laura. Ilionyeshwa Cannes mwezi Mei mwaka ule, na wahakiki wengi wakaiponda. Walitaka kahawa na pai. Wakapewa msichana anayekufa. Tazama meza ya chakula cha jioni. Leland anamwamuru Laura amwonyeshe mikono, anaishika, anamwambia ni michafu, anakaribia uso wake, anamuuliza juu ya wapenzi wake. Mama anajaribu kusema kwamba binti hapendi kufanyiwa hivyo, naye anamgeukia kwa swali: wewe umejuaje anachopenda? Katika tukio lile hakuna nywele za kijivu, hakuna kioo wala bundi. Ni baba, meza na mkono wa mtoto. Kisha usiku uleule Leland anaketi kitandani, uso unamlegea, anaanza kulia, anakwenda chumbani kwa Laura kumwambia kwamba anampenda. Kila mtu aliyekaa na familia za namna hiyo anakijua kilio kile. Ni cha kweli, na kesho yake hakibadili kitu.

Tatu, na hili mwalimu alilipita kana kwamba halipo: Teresa Banks. Ni msichana aliyeuawa mwaka mmoja kabla ya Laura katika mji mwingine. Filamu inaonyesha kwa nini alikufa. Leland alikuwa mteja wake. Siku moja aliomba aletewe wasichana wengine, akafika motelini, akachungulia, akamwona mmoja wao ni binti yake mwenyewe, akageuka akakimbia. Teresa alipofahamu yeye ni nani, akaanza kumtoza fedha za kufunga mdomo. Leland akamuua. Nakuuliza, Mwalimu wangu: pepo anaogopa kuaibishwa mbele ya wateja wa ofisi ya sheria? BOB ana heshima gani mjini ya kulinda? Anayeua ili siri isitoke ni mtu mwenye jina, tai na nafasi yake mjini. Mauaji ya Teresa ni ya mwanasheria.

Sisemi kwamba BOB hayupo katika hadithi. Yupo, na mwenye mkono mmoja anamwona, na Laura anakubali kufa kuliko kumruhusu amwingie. Hata asili yake inajulikana kwa kila mpenzi: Frank Silva alikuwa mpambaji wa seti, aliyekuwa akihamisha samani chumbani kwa Laura, Lynch akamwambia apige magoti kando ya kitanda, akampiga picha, baadaye katika tukio jingine sura yake ikanaswa katika kioo kwa bahati mbaya, na Lynch badala ya kukasirika akafurahi. Pepo, kwa maneno mengine, aliingia katika hadithi kwa ajali ya kamera, siku ambayo hadithi ilikuwa tayari na msichana aliyekufa ndani yake.

Nina ugomvi pia na Cooper, mpelelezi nimpendaye. Katika mahabusu, maji yakimwagika kutoka darini, anampakata Leland anayekufa na kumwelekeza kwenye mwanga. Hapo sina neno. Ningefanya vivyo hivyo, na nimewahi kufanya kwa watu wabaya kuliko yeye. Huruma kwa anayekufa haina masharti. Lakini kisha inakuja siku ya msiba. Watu wamejaa nyumbani kwa Palmer, wanakula, wanapiga soga, wazee wawili ndugu nusura wapigane kama kichekesho. Cooper anamwambia Sarah kwamba yule hakuwa Leland aliyemjua, na kwamba anaamini Laura alimpokea baba yake na kumsamehe. Kila nikifika hapo nasimamisha diski. Kamwuliza nani? Laura hayupo. Alikuwa na shajara ambayo kurasa zake zilichanwa, na kanda alizomrekodia daktari, na hakuna mahali popote mle aliposema maneno hayo. Mjini watu walimkana alipokuwa hai, na alipokufa wakamsemea msamaha, kwa sababu msamaha wake ulihitajika ili chakula cha msiba kilike kwa amani. Sisi mapadre tunalijua jaribu hilo. Tumewahi kumwambia mama mjane, au binti, kwamba marehemu amekwisha kusamehewa na wote, ilhali hatukumuuliza yeyote.

Nasema kwa ukali kwa kuwa nina deni. Nitalisimulia, nikibadili mambo madogo ili asitambulike mtu, na ieleweke kwamba hakuna hata neno moja lililotoka kitubioni.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine, mzee mmoja aliyeheshimika katika jumuiya yake aliniletea binti yake wa kidato cha pili. Binti alikuwa akipiga kelele usiku, akitupa vitu, akikataa kulala chumbani mwake. Baba akasema ni pepo. Mama alikuwa kimya, ameinamisha kichwa. Kanuni ya 1172 niliijua kwa namba yake, kwa hiyo sikupunga. Nilisali tu sala za kawaida, nikanyunyiza maji ya baraka, nikawarudisha nyumbani wote watatu ndani ya gari moja. Sikumkalisha binti peke yake na mama katekista kumuuliza swali hata moja. Juma lililofuata baba aliniletea kuku wa shukrani, nami nikamla. Ilipita zaidi ya miezi sita kabla ya shangazi wa binti kumchukua na kulifikisha shauri polisi na kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Wapendwa, wakati ule nilikuwa nimekwisha kuitazama Twin Peaks mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na daftari. Ningeweza kukutajia kila kidole kilichopata kuvaa ile pete.

Kwa hiyo mpenzi mwenzangu anaponiambia kwa furaha kwamba fumbo limefumbuka, ni pepo, baba ni msafi, mimi nausikia mlango wa gari ukifungwa.

Nitaambiwa kwamba naibebesha sanaa mzigo usio wake, kwamba tamthilia ni burudani na fumbo ni fumbo. Sikubali. Sanaa hii iliubeba mzigo huo yenyewe, na kwa ujasiri usio wa kawaida. Mwaka 1990, saa ambazo familia hukaa pamoja mbele ya runinga, ilisema kwamba hatari kubwa kwa binti yule haikukaa msituni, ilikaa mwanzo wa meza ya chakula. Mwaka uleule Jennifer Lynch, binti yake David, alichapisha shajara ya kubuni ya Laura, na humo msichana anasema mwenyewe yale ambayo runinga ilinong’ona tu. Fire Walk with Me ikamaliza kazi. Mwishoni mwake Laura ameketi katika chumba chenye mapazia mekundu, Cooper amemwekea mkono begani, na malaika, yule aliyetoweka katika picha ya ukutani kwake, anatokea. Laura analia na kucheka kwa pamoja. Katika filamu hiyo inasikika Misa ya wafu ya Luigi Cherubini, ile aliyoitunga 1816. Nilipotambua ninachosikia nilisimama, kwa mazoea ya kanisani. Katika mwanga ule baba hayupo. Hakuna anayemwomba Laura amsamehe mtu ndipo malaika aje. Malaika anakuja kwa ajili yake, basi. Wahakiki waliokasirika mwaka 1992 walikasirishwa hasa na hili, kwamba kwa mara ya kwanza kitovu cha hadithi kilikuwa Laura, na mtazamaji hakuachiwa kitu cha kukisia.

Baada ya kugombana na mwalimu nilimkuta sakristia yule mama katekista wetu, ambaye naye alikuwa ameziazima diski, akakunja nguo za altare. Nikamuuliza anaonaje. Alifikiri kidogo, akasema: “Mimi, Padre, najiuliza tu mama yake alikuwa wapi.”

Katika daftari langu swali hilo halimo.

Mama alikuwa ghorofani, amelishwa dawa. Mama alikuwa mezani, alisema sentensi moja, akanyamazishwa. Mwaka 2017 Lynch na Frost waliporudi na sehemu 18 mpya, kuanzia Mei hadi Septemba, kila mtu alikuwa amezeeka, na Sarah Palmer bado anakaa katika nyumba ileile peke yake, akivuta sigara, akinywa, akitazama runinga. Wapenzi wakaanza kuhesabu upya: ni nini kilicho ndani ya Sarah, ni pepo gani, aliingia lini, ni yule mdudu wa sehemu ya 8 aliyemwingia msichana kinywani baada ya bomu la nyuklia la New Mexico la 1945? Huenda. Michoro inaruhusu. Mama katekista angeuliza kama kuna mtu aliyewahi kumtembelea.

Na Cooper, ambaye kwa miaka 27 hakuweza kukubali kwamba alifika amechelewa, katika sehemu ya 17 anarudi nyuma hadi usiku wenyewe, anamshika Laura mkono na kumwongoza msituni ili asife. Pete anakwenda kuvua samaki kama kawaida, na kando ya maji hakuna kitu. Wapenzi walishangilia. Lakini mkono unamponyoka, na katika sehemu ya mwisho anampata Odessa, Texas, mwanamke wa makamo aitwaye Carrie Page, mwenye uso wa Laura, asiyemjua Laura ni nani. Anampakia garini. Wanasafiri usiku kucha karibu bila maneno, mwanamume mwema aliye na hakika ya jibu, na mwanamke ambaye hakuulizwa kama anataka kurudi katika nyumba ile. Anabisha hodi. Anafungua mgeni, hajapata kusikia jina la Palmer. Wanarudi barabarani, Cooper anayumba kidogo, anauliza huu ni mwaka gani.

Hapo, kwa mbali, toka ndani ya nyumba, inasikika sauti ya Sarah. Ni ule mwito wa asubuhi ya kwanza, wa sehemu ya kwanza kabisa, mama akimwita binti yake, akidhani bado amelala ghorofani. “Laura!” Carrie anaisikia, anainua macho kuitazama nyumba, anapiga ukelele, na taa zote za nyumba zinazimika.

Mwalimu, diski za mwaka 2017 ninazo ofisini. Njoo uzichukue, na filamu ile ya 1992 uitazame tena kwanza. Mama katekista atakuwapo Alhamisi jioni. Nimemwomba akae nasi.